Kiti cha Tisa Kilivyotengeneza Wezi

Vijana mnaobaki karakana ya mita pale Uyole, siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno mawili matatu, nikawaambia nina mafua. Sikuwa na mafua. Injinia Ambakisye Mwalwisi alikuwa amekaa meza ya mbele, anatafuna paja la kuku, na mimi mdomo wangu ukishafunguka mbele ya mtu yule haujui kufunga. Sasa nimekaa nyumbani Kalenga, miaka hamsini na mitano, magoti yananiuma, lakini kichwa kizima. Naandika. Elimu yangu ni darasa la saba, mtanivumilia mwandiko. Vyeo na mishahara sivitaji. Vya kwangu havikuwa na habari ndani yake. Nitataja watu.

Nilianza kazi karakana ya Iringa, na siku ya kwanza nilipewa fagio. Kulikuwa na meza ndefu ya chuma yenye nafasi sita za kufungia mita za umeme. Sisi tuliziita viti, kwa sababu mita ilikaa pale kama mgonjwa anasubiri daktari. Unaibana mita kwa mkono wa chuma, pini zinaigusa nyuma, unapitisha umeme, halafu unalinganisha inavyohesabu na ile mita kubwa ya rejea, ambayo ndiyo inayoaminiwa. Ikihesabu pungufu, unasema inachelewa. Ikizidisha, inakimbia. Ikiwa ndani ya asilimia mbili huku au huku, inarudi kwa mwenyewe. Kazi yote ndiyo hiyo. Waliosoma wataisema kwa kurasa arobaini.

Mkuu wa meza ile alikuwa mzee Kikoti, Mhehe mfupi, kofia ya sufu mwaka mzima, hasalimii mtu mpaka ameisalimia mashine. Wiki ya tatu aliniona nimeegemea fagio naangalia, akaniita. Akaweka mita kiti cha kwanza, akaniambia nisome jibu. Nikasoma. Akaihamisha kiti cha pili. Nikasoma. Hivyo hivyo mpaka cha sita.

"Umeona nini, binti?"

Nikamwambia majibu hayalingani.

"Mita imebadilika?"

"Hapana, mzee. Ni ile ile."

"Basi aliyebadilika nani?"

Niliogopa kusema ni viti, maana viti ni vyake. Akanielewa. Akaniuliza kama nimewahi kununua maharage sokoni kwa akina mama watatu, makopo yao yanafanana, lakini kopo la mmoja limebonyea kitako. Nikasema nimewahi. Akasema ukilalamika kwamba maharage ya yule mama ni machache, umekosea. Maharage hayana kosa, angalia kopo kwanza. Na hata kopo likiwa zima, kuna mama anajaza kwa kurundika na kuna mama anapitisha kiganja juu. Vitu vitatu hivyo: kinachopimwa, kinachopimia, na mkono unaopima. Usipovitenganisha, hujui lawama ni ya nani. Baadaye sana nilikuja kukuta hicho kitu kina jina refu kwenye fomu na vijana wa chuo wanatetemeka wakikisikia. Mimi nilikipata kwa maharage.

Kila Jumatatu tulikuwa na mita yetu moja, nzima, haiendi kwa mteja yeyote, mzee Kikoti aliitunza ndani ya kipande cha blanketi. Iliitwa mita ya Jumatatu. Inapita viti vyote sita, mara tatu kila kiti, kwanza nabana mimi, halafu anabana mwenzangu bila kuonyeshwa majibu yangu. Kiti kikitoa majibu yanayotofautiana na wenzake, kinachorwa chaki nyekundu, tunasema kimelazwa, na hakipimi mita ya mtu mpaka kipone. Na asubuhi ya baridi, ile ya mwezi wa sita na wa saba ambayo chuma kinakung'ata vidole, hatugusi kazi mpaka meza imewashwa nusu saa na zaidi. Mzee alikuwa anakunywa chai yake taratibu, bosi anapita anamuuliza mbona hufanyi kazi, anajibu kwamba anafanya, anasubiri.

Mzee alistaafu, akafa mwaka uliofuata, kama wanavyofanya wanaume wengi wakikosa cha kubishana nacho. Karakana ikauzwa kwa kampuni, kampuni ikaihamishia Uyole, barabarani kabisa, malori yanatingisha vioo. Nilihama na sanduku moja na ile mita ya Jumatatu.

Uyole nilikuta mashine mpya. Viti kumi na viwili kwa mpigo, kompyuta, printa, taa za kijani na nyekundu. Unabana mita kumi na mbili, unabonyeza, unakwenda zako, yenyewe inapima na kuandika asilimia. Nakiri niliipenda. Nikaipangusa kama mtoto. Halafu nikauliza ile mita ya Jumatatu itapita siku gani.

Injinia Ambakisye alicheka mpaka tai ikahama. Aliniambia hiyo ilikuwa ya zama za mawe, mashine hii inajipima yenyewe. Nikauliza inajipimaje viti vyake na hakuna kitu kinachohama toka kiti hiki kwenda kile. Akaniambia, mama Festo, wewe bana mita, mengine tuachie tuliosoma. Mita ya Jumatatu ikatupwa stoo, juu ya makopo ya rangi.

Sasa nimtaje wa pili. Erasto Mlelwa, ofisa ubora. Kijana msafi, kalamu tatu mfukoni, sijui mbili zilikuwa za nini maana hata moja ilimchosha. Wakaguzi walitaka fomu ya kuonyesha majibu ya mashine yanatawanyika kiasi gani: mita kumi, wapimaji watatu, kila mita mara tatu, kila kiti. Ukihesabu ni kazi ya wiki nzima na mgongo. Erasto alichukua mita mbili, akazipima kiti cha kwanza, karibu na meza yake, akipumzika na andazi katikati. Viti vingine kumi na kimoja alivipima kwa kalamu. Majibu yakalingana kama watoto wa shule siku ya gwaride. Mtu yeyote aliyewahi kupima kitu anajua majibu mazuri hivyo hayapo duniani. Hata ukipima urefu wa mlango wako mara tatu yatatofautiana. Wakaguzi hawakushtuka. Walikuwa na safari ya Tunduma.

Fomu ilihitaji saini za wapimaji watatu. Erasto akaniletea. Nikamwambia sijapima. Akasema ni utaratibu tu, mama. Nikasaini.

Msiruke mstari huo. Nilisaini, na nilikuwa najua. Nikianza kuwatukana wengine huko mbele mkumbuke kwamba jina langu liko pale kwa wino wa bluu.

Kiti cha tisa kilikuwa karibu na mlango wa nyuma, na pembeni ya mlango ule ndipo ilipokuwa rafu ya mita za watuhumiwa, zile zinazoletwa kwenye mifuko yenye lakiri kwa sababu mwenye nazo anashukiwa kuchezea umeme. Mita za kawaida ziliingia kwa mlango wa mbele, zikaanza kiti cha kwanza kwenda juu. Za watuhumiwa zilikuja moja moja, mbili mbili, na mtu mvivu anainua mita kwenye rafu anaiweka kiti kilicho karibu. Hakuna aliyeamua hivyo. Hakuna aliyeandika. Ilikuwa mazoea ya miguu tu. Lakini tazama mazoea yalivyozaa: kila mtuhumiwa alikaa kiti cha tisa, na kiti cha tisa kilikuwa kibovu. Springi ya pini moja ilikuwa imelegea na ncha imeungua. Mita ikibanwa kwa upole, pini inagusa nusu nusu, umeme unaofika unapungua, mita inahesabu pungufu, kompyuta inaandika: inachelewa. Taa nyekundu. Mwizi.

Injinia Ambakisye alifurahi sana. Alibandika karatasi ukutani kuonyesha mashine inavyokamata wezi, karibu kila aliyeshukiwa alikutwa na hatia. Alisema wananchi wa huku ni wajanja lakini teknolojia imewazidi. Nilikuwa nabana mita zile kwa mikono yangu, na jina la mwenye mita naandika mimi kwenye daftari la mapokezi, kwa mwandiko huu huu. Sikuwaza. Mtu akishapewa fagio na baadaye akapewa kiti, anaogopa sana kurudi kwenye fagio.

Aliyenishtua ni Bi Zuhura wa Chimala. Mama wa makamo ya juu, ushungi mweupe, watu wake wa asili ya pwani, ana mashine ya kukoboa mpunga iliyoachwa na marehemu mumewe. Mita yake ilichukuliwa msimu wa mavuno, magunia ya watu yamejaa uwanjani, mashine imezimwa. Alikuja mwenyewe mpaka Uyole, akakataa kurudishwa getini. Akaniambia kwa upole anataka kukaa aone inavyopimwa.

Nilimwonea huruma ya kijinga, nikampa kigoda. Nikatoa mita rafuni, nikaiweka kiti cha tisa, nikabana. Ikatoka pungufu ya asilimia nne. Hakupiga kelele.

"Mwanangu," akasema, "mimi mpunga wa watu nakoboa miaka na miaka, sijapunja mtu pishi. Huyo anayesema nimeiba ni mashine au ni wewe?"

Nikamwambia ni mashine, mama.

"Na mashine nani kaipima?"

Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na tangi la maji. Nilikuwa nimelisikia swali hilo kwa mtu mwingine, ana kofia ya sufu, na jibu lake la uongo nilikuwa nimelisaini.

Kesho yake mchana wenzangu walipokwenda kula ugali, niliiteremsha mita ya Jumatatu toka juu ya makopo ya rangi. Mita ya Bi Zuhura sikuigusa. Ilikuwa imerudishwa kwenye mfuko na lakiri mpya, ungeivunja ungeitwa wewe mchezeaji. Nikamwomba Lutengano abaki nami. Huyu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mbebaji mita, mikono kama michi ya kutwangia. Akaniuliza tunatafuta nini. Nikamwambia tunatafuta mwizi. Akasema, "Humu ndani? Basi tusimame mlangoni, wakirudi wanaingia wenyewe."

Viti kumi na viwili, mara tatu, nabana mimi. Halafu yeye. Nilifunika kioo cha kompyuta kwa kanga asione majibu yangu. Ilituchukua mchana wa siku nne. Viti kumi na kimoja vilikuwa vizima: vinatofautiana kidogo sana, kama ndugu wa tumbo moja. Cha tisa nikibana mimi, pungufu ya asilimia nne, au tatu na nusu, au tano. Akibana Lutengano kwa nguvu zake, haifiki hata moja. Mita ile ile, kiti kile kile, mkono tofauti. Nikachora mistari kwenye daftari la Festo la hesabu nikaona kwa macho kilichokuwa kinasemwa na mzee Kikoti. Si maharage. Kopo limebonyea, na mimi ndiye ninayepitisha kiganja.

Nikapeleka daftari kwa Injinia. Alilifungua upande wa Festo, akasoma jedwali la kuzidisha, akanirudishia. Nikamfungulia upande wangu. Aliangalia kwa muda ambao ulinitosha kujua ameelewa. Halafu akasema fomu ya tathmini ipo, imekaguliwa, viti vyote vizima, na saini yangu ipo.

"Ukisema kiti kibovu, unasema ulisaini uongo," akasema. "Utachagua, mama Festo."

Lalamiko la Bi Zuhura lilisikilizwa pale pale karakana, chumba cha mikutano, mbele ya kamati ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja mkimya toka Mbeya mjini, anavua miwani kila anapotaka kufikiri. Kama wangeridhika na ripoti, faili linakwenda polisi na mashine ya Chimala inafungwa kabisa. Bi Zuhura alikaa kiti cha mwisho, pochi mapajani. Injinia alisoma ripoti kwa Kiingereza kingi kuliko kilichohitajika. Erasto akaonyesha fomu. Mwenyekiti akauliza saini hizi ni za nani, Erasto akanionyesha mimi, nimesimama na birika la chai, maana siku hiyo walinipa chai nigawe.

Nikaweka birika chini. Nikasema saini ni yangu, kazi si yangu, wala si ya mtu. Nikasema kiti cha tisa hatujawahi kukipima, na wote wanaoshukiwa tunawakalisha pale. Injinia akasema huyu mama ni wa usafi. Nikasema ndiyo, na uchafu naujua.

Mwenyekiti akavua miwani. Akasema tushuke wote karakana, mita itolewe kwenye mfuko mbele yetu, iwekwe hicho kiti. Mimi nikataka kubana, Erasto akaniwahi. Na hapa, vijana, mtazame vizuri, maana hili sikulipanga na hata ningesali nisingelipata. Erasto alijua ule mkono wa chuma ukibanwa kwa nguvu kiti kinatoa jibu zuri. Kumbe alikuwa anajua siku zote. Akavua koti. Akaulalia ule mkono kwa tumbo, mishipa ya shingo ikasimama, kalamu moja ikadondoka. Mashine ikazunguka, printa ikalia. Pungufu ya nusu asilimia. Taa ya kijani.

Akageuka anahema, anatabasamu. "Mnaona, mwenyekiti? Kiti ni kizima."

Mwenyekiti akachukua karatasi akaisoma, akaisoma tena. "Kiti kizima," akasema. "Na mita je?"

Tabasamu lilichukua muda kutoka. Lutengano aliyekuwa nyuma yangu alitoka nje akacheka huko, tulimsikia. Kiti kikiwa kizima, mita ni nzima, mama wa watu hajaiba. Mita ikiwa mbovu, basi kiti kilichoipa kijani ndicho kibovu. Hakukuwa na kiti cha tatu cha kukaa. Injinia Ambakisye alisema kuna mambo ya kitaalamu ambayo kamati haiwezi kuyaelewa, na mwenyekiti akamwambia ameyaelewa kiasi cha kutosha. Mita ikahamishwa kiti cha nne, nikabana mimi na mkono wangu mlegevu. Kijani.

Bi Zuhura alirudishiwa mita na barua ya kusafishwa. Magunia yalikuwa yameshahamia kwa mashine nyingine, msimu umepita. Getini nilimfuata, nadhani nilitaka anishukuru. Mtu ana ujinga wake. Hakunishukuru. Akaniuliza kabla yake tumewakalisha wangapi pale. Nikamwambia sijui.

Nilikuwa najua. Daftari la mapokezi ni mwandiko wangu. Asubuhi yake nilikwenda kulichukua. Erasto alikuwa ameshalipeleka kwa Injinia, na kiti cha tisa kimefunguliwa boliti zote, kimeuzwa na vyuma chakavu kwa mwenye mkokoteni. Nikaingia ofisini kwa Injinia nikamwambia wale wa nyuma wapimwe upya. Hakuinua macho. "Kiti hakipo," akasema. "Kesi ya kiti ambacho hakipo ni kesi gani?" Mashine ikabaki na viti kumi na kimoja na pengo, kama mdomo wa mtu aliyepigwa, na mwezi uliofuata mimi nikashauriwa kustaafu kwa hiari. Hiari ilikuwa ya kwao.

Hamjaniomba ushauri lakini mtaupata. Mita moja nzima ipite viti vyote kila wiki, mikono miwili, mara tatu, msionyeshane majibu. Meza ipate joto kwanza. Mita za watuhumiwa zipigiwe kura zikae wapi, wala zisikae zote mahali pamoja hata kama miguu inauma. Na ukiletewa fomu ya kazi ambayo hukuifanya, sema una mafua.

Majina ya waliokalishwa kiti cha tisa niliyaandika tena kwa kukumbuka. Nimepata kumi na saba, yalikuwa zaidi. Kabla sijahama Uyole nilianza kuwafuata wenyewe, kwanza wa karibu, Asajile, fundi wa kuchomelea mageti, nyuma ya soko. Mita yake niliibana mimi. Alikiri bila kesi kwa kuogopa, wakamkatia umeme, akawa anachomelea kwenye kibanda cha mwenzake kama kibarua. Nilimkuta anasugua geti kwa msasa. Sikuzunguka. Nikamwambia mimi ndiye niliyempima, kiti kilikuwa kibovu, mita yake haikuwa na kosa, na yeye hakuiba.

Aliendelea kusugua. Halafu akaweka msasa chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akaniambia nisiondoke. Akaingia ndani, akarudi na mkewe, mikono ina unga. Nyuma yao wakaja wazazi wa mke, wamekuja kutembea toka Rungwe. Akawapanga pale uwanjani, akampa kiti baba mkwe wake.

"Haya, mama," akaniambia. "Rudia. Sema kama ulivyosema, usipunguze."

Nikarudia.